Figa la Ghaicha

Je, wewe umewahi kumwonea mtu wivu kwa balaa lililomkuta? Sisemi kwa ngamia wake wala mkufu wake wa fedha. Nasema kwa balaa lenyewe. Minatou alipatwa na wivu wa namna hiyo, ukamkaa kama mchanga ndani ya jicho, kila akipepesa anausikia.

Aliyemwonea wivu ni binamu yake, Ghaicha. Mama yake Minatou na baba yake Ghaicha walikuwa wa tumbo moja, kwa hiyo hao wawili walikuwa watani tangu wanatambaa. Walikaa ukuta kwa ukuta pale Tin-Adar, nyuma ya soko la chuma chakavu. Tin-Adar ni mji wa mgodi wa urani. Watu walihamia pale kwa sababu ya mgodi, wakazaliana pale, na nyuma ya nyumba za mwisho ukakua mlima ambao haukuumbwa na Mungu, mlima wa kifusi, wa kijivu, usioota hata unyasi. Upepo ukitoka upande huo, unga wake unaingia kwenye maziwa hata uyafunike namna gani.

Mambo yalianza siku ile Mwalimu Attaher alipopita nyumba kwa nyumba na mashine ya kupima mionzi ya urani. Attaher alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ndiye kiongozi wa chama cha wakazi waliokuwa wakigombana na mgodi. Madai yao yalikuwa matatu, na alikuwa ameyasema mara nyingi mpaka mbuzi wa mtaani nao waliyajua. Kifusi kifunikwe. Shimo la pili lisichimbwe. Na ardhi ya Tin-Adar isipelekwe kutengenezewa mabomu.

"Hiki kinachotolewa chini ya miguu yetu," alikuwa akisema, "kwa wengine kinawasha taa, kwa wengine kinatengenezewa bomu la kumaliza mji mzima kwa pumzi moja. Sisi tunabaki na vumbi."

Jumamosi ya juma lile wakubwa wa serikali walikuwa waje kutoka mji mkuu. Watu wangekusanyika kwenye uwanja wa shule, kisha waandamane hadi kwenye lango la mgodi. Na kabla ya kuandamana, mwanamke mmoja, mmoja tu, angeshika kipaza sauti aseme kwa niaba ya mtaa. Nani? Attaher alisema atamjua akishamaliza kupima nyumba.

Minatou alijua ni yeye. Hakumwambia mtu, lakini alijua. Nani mwingine? Marehemu mumewe alifanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na tisa. Alianza kukohoa mwaka wa kumi na nne, akakohoa mpaka mbavu zikahesabika juu ya nguo, akafa, na karatasi ya hospitali ikaandikwa malaria. Miaka sita ilikuwa imepita. Alingoja tu aulizwe, maana mtu mzima hakimbilii kujitangazia msiba wake barabarani.

Basi siku ile akafagia uwanja wake tangu alfajiri. Akatandika mkeka mpya mbele ya hema. Minatou, ujue, hakuwahi kuhamia nyumba ya tofali. Hema lake la ngozi, lililoshonwa na mama yake na shangazi zake alipoolewa, lilisimama katikati ya uwanja, na humo ndimo alimozalia na kufiwa. Akaweka birika kwenye makaa, akapanga vile vibilauri vitatu vidogo, akavunja sukari.

Attaher akaingia na kisanduku cha njano chenye mkono kama wa mwiko. Akakipitisha kwenye nguzo, kwenye mikeka, kwenye kinu, kwenye kitanda cha mti. Tik. Kimya. Tik. Kimya kirefu. Tik.

"Mama Minatou, hongera," akasema, huku anafurahi kweli. "Kwako ni pasafi."

"Hata kidogo hakuna?"

"Hata kidogo. Hema limekuokoa. Ngozi, miti, ukili. Hakuna chuma cha mgodini hapa."

"Tazama tena pale kwa kitanda. Marehemu alikuwa anavulia viatu pale."

"Nimepatazama, mama. Pasafi."

Akanywa kibilauri kimoja. Kimoja, na kwetu mgeni hunywa vitatu! Akakilaza, akashukuru, akainuka. Vibilauri viwili vingine vikabaki pale vimekodoa macho. Minatou akasema nenda salama, lakini mkono wake ulikuwa umelishika birika kana kwamba anataka kulinyonga.

Attaher akaenda ukuta wa pili, kwa Ghaicha. Na muda si mrefu Minatou akasikia mashine ikilia. Haikulia tik. Ililia kama uwele unaokaangwa kwenye kikaango kikavu, trrrrr, bila kupumua. Ghaicha akapiga ukelele. Kisha ikawa kimya, kisha maswali, sauti ya chini ya Attaher, majibu marefu ya Ghaicha. Kisha chai. Minatou aliisikia ikimiminwa kutoka juu, maana Ghaicha hujionyesha kwa kumimina kutoka juu. Bilauri ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Attaher alikaa kule mpaka mwadhini akaadhini alasiri.

Kumbe lilikuwa ni figa. Miaka minane nyuma mume wa Ghaicha alinunua sokoni pete nene iliyokatwa kwenye bomba la mgodini, fundi akaiunganishia miguu mitatu, akaipaka rangi ya buluu. Ghaicha alikuwa akitelekea juu yake asubuhi na jioni, na alikuwa akilisifia kwa watu: figa langu halipindi. Attaher akamwambia alitoe nje, alifukie nyuma ya zizi la mbuzi, asiliguse mpaka Jumamosi, litakapobebwa kwa koleo refu wakaoneshwe wakubwa.

Kesho yake wakaja waandishi wa habari na kamera. Wakampiga Ghaicha picha akiwa amesimama, akiwa ameketi, akiwa anaonyesha zizi kwa kidole. Alikuwa amevaa mtandio mpya wa nili, ule unaoacha rangi kwenye mashavu. Na jioni habari ikazagaa kwamba kipaza sauti cha Jumamosi ni cha Ghaicha.

Ghaicha mwenyewe akapanda juu ya kinu, kichwa kikachomoza juu ya ukuta.

"We Minatou! We kikongwe wa hemani! Umesikia?"

"Nimesikia. Mji mzima umesikia. Hata wafu wamesikia."

"Njoo basi uniamkie. Unaongea na mtu mkubwa sasa."

"Ukubwa wa nini, kichwa? Hicho ulizaliwa nacho. Mkunga alilalamika mpaka anakufa."

"Wivu huo! Mwalimu kasema kwenye figa langu kuna mdogo wake bomu. Kwako kuna nini? Kunguni."

"Shuka kwenye kinu hicho kabla hakijapasuka."

Ghaicha akacheka, akashuka. Ndivyo walivyoongea maisha yao yote na hakuna aliyewahi kukasirika, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Lakini siku ile Minatou alikaa mbele ya hema lake na maneno yale yakamzunguka kichwani. Wivu huo. Akamfikiria mume wa Ghaicha, mnene, mzima, muuza sukari, ambaye hajawahi hata kushika sepetu ya mgodi. Akafikiria Ghaicha atasema nini kwenye kipaza sauti. Atasema habari za sufuria! Watu watamlilia kwa ajili ya figa la kununua, na mtu aliyekohoa damu miaka mitano mtaani humohumo hatatajwa, kwa sababu mkewe alikaa kwenye hema safi.

Akalitazama hema lake kwa chuki. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akalichukia kwa usafi wake.

Jumatano Ghaicha alikwenda kwenye ofisi ya chama kujifunza namna ya kushika kipaza sauti. Minatou akaingia uwanjani kwake. Hilo peke yake si neno. Kwetu binamu wa utani anaingia bila hodi na kuchukua bila kuomba, iwe mbuzi, iwe kitambaa, na mwenye mali hana pa kushtaki. Ila lazima aache kitu chake kibovu mahali pale, kiatu kilichokatika au kibuyu kilichotoboka, ili mwenyewe akikikuta acheke na ajue ni mtani, siyo mwizi. Minatou alikuwa amechukua ndara yake iliyokatika kamba. Akafukua nyuma ya zizi kwa kijiti, akaliburuta figa kwa kamba, akalitia ndani ya gunia. Kisha akasimama na ile ndara mkononi.

Akiiacha, Ghaicha atajua, na atapanda kinu.

Akarudi na ndara yake.

Akalifukia figa ndani ya hema, upande wa miguuni pa kitanda, kina cha kiganja kimoja, akasawazisha mchanga, akatandika mkeka. Alipomaliza alinawa mikono mara mbili. Halafu akajicheka: chuma ni chuma tu, Ghaicha kakipikia miaka minane na bado ana sauti ya tarumbeta.

Jioni mtaa ukalipuka. Figa limeibwa! Ghaicha alilia kwa sauti. Attaher alikuja mbio, kilemba kimemfunguka usoni, jambo ambalo mwanamume wa kwetu haliachi litokee ila ameishiwa akili.

"Ni walinzi wa mgodi," akasema. "Wamejua ni ushahidi. Bila figa lile wakubwa watasema tumejitungia."

"Basi na mimi sitasema tena?" Ghaicha akauliza.

"Utasema nini, mama, bila kitu cha kuonyesha?"

Minatou alisimama kwenye kundi la wanawake, mkono kinywani, anatikisa kichwa kama wengine. Ndani alihisi utamu, usimlaumu mtu aliyekonda kwa hamu. Vijana wakaanza kusema waende langoni wakapigane na walinzi usiku huohuo, Attaher akawatuliza kwa shida. Hapo Minatou alisita kidogo. Kisha akamsogelea Attaher, akamwambia taratibu:

"Mwanangu, ile mashine yako siku ile ilikuwa imechoka. Njoo upime tena kwangu."

"Ijumaa asubuhi, mama. Kesho nina shughuli ya mabango."

"Ijumaa haichelewi."

Lakini Alhamisi, jua likiwa utosini, gari lilisimama nje na akashuka Rakia. Rakia ni bintiye wa pekee, aliyeolewa kwenye kambi ya mbali, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, Minatou alijua atakuja, ila alimtegemea mwezi ukiandama.

"Miguu imevimba, mama," Rakia akasema, akaingia hemani moja kwa moja, akajitupa kitandani. "Sogea unikande."

Minatou alisimama mlangoni.

"Njoo ulale nje, mwanangu, chini ya turubai. Kuna upepo."

"Nje? Na nzi wote hawa?"

"Hema lina joto."

"Mama, nimepanda gari tangu usiku wa manane nije nilale humu ulimonizalia, wewe unanitoa nje! Una mgeni gani uliyemficha chini ya kitanda?"

Rakia alicheka mwenyewe. Minatou hakucheka. Akaketi, akaivuta miguu ya bintiye mapajani, akaikanda kwa siagi, na chini ya mkeka, mwendo wa dhiraa moja, lilikuwa figa. Angeweza kulifukua. Alijiambia atalifukua Rakia akilala, lakini wanawake wa mtaa wakaanza kumiminika kumwamkia mjamzito, huyu na tende, huyu na jibini, wakaketi hemani mpaka magharibi. Na walipoondoka wa mwisho walisema, bado hajajulikana atakayesema Jumamosi. Basi Minatou akahesabu: bado asubuhi moja. Ghaicha kakipikia miaka minane. Asubuhi moja tu.

Hata hivyo hakulala. Alimsukumia Rakia upande wa kichwani, yeye akajilaza miguuni, mgongo wake ukiwa juu ya pale mahali, kana kwamba mgongo wa mwanamke mzee ni ukuta.

Ijumaa Attaher akaja kama alivyoahidi. Na nyuma yake Ghaicha, kwa sababu tangu juma lile lianze Ghaicha alikuwa akiifuata mashine kila inapokwenda.

"Nimekuja kumuaga kunguni," akasema mlangoni, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Minatou aliweka birika. Akapanga vibilauri vitatu. Attaher akainama ndani ya hema, na mashine ikalia trrrrr.

Nikuambie ukweli, moyo wa Minatou uliruka kwa furaha. Akamgeukia Ghaicha amwone uso. Akamwona. Ghaicha alikuwa amefumba macho.

"Nani amelala hapa?" Attaher akauliza. Hakuwa na sauti ya ualimu tena.

"Mimi," Rakia akasema, akiinuka kwa kiwiko. "Kuna nini?"

Attaher akaupitisha mkono wa mashine miguuni pa kitanda, ikalia zaidi. Akaiacha mashine, akamshika Rakia mkono, mwanamume asiye wa nyumba ile, akamvuta nje bila kuomba radhi, mpaka chini ya turubai, mbali, ukutani kabisa.

"Usirudi humo! Tangu lini upo humo na tumbo hilo?"

"Tangu jana mchana. Mama?"

Rakia alikuwa amelishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mama, kuna nini humo?"

Attaher alikuwa tayari anafukua kwa mwiko wa kusongea. Chuma kikagonga. Akakivuta kwa kamba, mchanga ukamwagika, na pale juani mbele ya hema kikakaa, cha miguu mitatu, buluu imebanduka upande uliokuwa ukielekea moto.

Hapakuwa na haja ya mtu kusema ni la nani.

Minatou akangoja. Alijua kinachokuja, alistahili, na alitamani kije upesi: mwizi, mchawi, mzee asiye na haya, anayemlaza mwanawe juu ya sumu. Mtani ana ruhusa ya kusema yote hayo. Ghaicha alilitazama figa, akamtazama Rakia, akaja akaketi mchangani karibu na Minatou, mzito, kama gunia linalotuliwa.

"Hukuacha hata kiatu," akasema.

"Sikuacha."

"Ningejua ni wewe, ningekuambia usilale nalo." Akachota mchanga, akauachia. "Unadhani nilikuwa nafurahi pale juu ya kinu? Watoto wangu nimewahamishia kwa mama mkwe. Tangu mashine ilie sijala kwangu nikashiba, kila tonge nauliza limepikiwa wapi. Nilikuwa nakupigia kelele ukutani ili nisilie. Na wewe ulikuwa unanionea wivu. Kwa hili!"

"Kwa hilo."

"Mama Minatou," Attaher akasema. Alikuwa bado amesimama, anahema, mwiko mkononi. "Vijana nusura wauane na walinzi. Mtoto wako kalala juu ya kitu hiki usiku mzima. Kwa nini?"

Minatou alimtazama Rakia kule ukutani. Akataka kusema samahani, ikakataa kutoka, kwa sababu mbele yake kulikuwa na neno jingine lililoziba njia.

"Niambie mimi," Ghaicha akasema, bila mzaha. "Sisi tumeshaibiana kila kitu. Ulikuwa unataka nini, binamu?"

Wivu ulikuwa bado upo, usidhani ulikuwa umeondoka. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kwa miaka sita, na swali lilimkuta amechoka kulilinda jibu.

"Nilitaka niulizwe habari za Akoli," akasema. Jina lilimtoka, akalirudia. "Akoli. Ulikunywa kibilauri kimoja, Mwalimu, ukaniambia pasafi, ukaenda. Hukuniuliza. Mimi ndiye niliyefua nguo zake za kazi miaka kumi na tisa kwa mikono hii, na maji ya kufulia yalikuwa ya njano, kila siku ya njano, na hakuna malaria inayotia maji rangi. Nilitaka nisimame Jumamosi, mimi, niliseme hilo kwa kipaza sauti, na wale wakubwa wanitazame mpaka nimalize."